Mtangazaji Aliyeisoma Ligi Kutoka Mkiani

Alianzia mkiani. Watangazaji wengi, msimu mpya ukikaribia, huanza na timu inayotarajiwa kubeba kombe, kwa sababu huko ndiko kwenye kelele. Mtangazaji wetu wa michezo alianza na timu aliyoamini itashuka daraja. Alivua miwani, akasogeza kipaza sauti karibu na kidevu, na kusema kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, "Tuanze na wale watakaoumia."

Siku moja nilimuuliza sababu.

"Bingwa atatajwa mwaka mzima," akaniambia. "Huyu wa mwisho, leo ndiyo siku yake ya pekee ya kutajwa kabla hajachekwa."

Mimi nilikuwa fundi wa mitambo katika kituo kidogo cha redio mjini Migori, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za studio tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na siku ya kipindi kikubwa nilishuka kumwomba mwenye duka asikate mabati kwa muda. Hakuwahi kukataa, maana naye alikuwa anasikiliza. Kwa miaka mingi nilikaa upande huu wa kioo nikimtazama akizungumza upande ule. Sote tulimwita Mtangazaji, kana kwamba hakukuwa na mwingine, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nieleze kwanza kazi yake, ili asiyefuata mpira asiachwe nyuma. Ligi aliyoisoma haikuwa ile ya timu kubwa zenye mashabiki nchi nzima. Ilikuwa ya daraja la pili. Ni ligi ya kulipwa, ingawa wachezaji wake wenyewe hucheka wakisikia neno hilo. Magazeti huipa nafasi ndogo chini ya matangazo ya vifo. Kwa hiyo shabiki wa Awendo au Kehancha aliyetaka kujua timu yake ilikuwaje kabla ya msimu hakuwa na pa kwenda ila kwa Mtangazaji. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya ligi kufunguliwa, alizipitia timu zote, moja baada ya nyingine, kutoka mkiani hadi kichwani. Kisha alitoa utabiri wa mechi za ufunguzi.

Alitangaza kwa Kiswahili. Mjaluo wa Rongo na Mkuria wa mpakani wangeweza kusikiliza pamoja kwenye kibanda kimoja cha chai bila yeyote kuhitaji mkalimani. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni hadi alipopandwa na moyo. Hapo Kijaluo kilimvuta ulimi, na mshambuliaji akawa "msambuliaji", na wasikilizaji wakajua kwamba sasa anasema lililo moyoni.

Timu hakuziita kwa majina yao rasmi, yaliyokuwa marefu na yenye wadhamini ndani yake. Aliziita kama mashabiki walivyoziita. Timu yetu ya upande wa miwa ilikuwa Mabua. Ile ya ziwani ilikuwa Kambare. Ya kaskazini kwenye ukame aliiita Vumbi, na ya nyanda za juu, ambako mipira hupigwa kwenye ukungu, aliiita Mlimani. Ukimsikiliza ungedhani anazungumzia ukoo mmoja mkubwa uliotawanyika, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatembelea wote.

Na kweli aliwatembelea. Wiki za kabla ya msimu hakuonekana mjini. Alikwenda kwenye mazoezi ya kila timu aliyoweza kufikia, na kwa zile za mbali alipiga simu: kwa walinzi wa viwanja, kwa wapishi, kwa wake wa makocha. Nilifuatana naye mara moja hadi Homa Bay kuwaona Kambare. Nilitazama mpira kwa bidii, nikijiandaa kutoa maoni yangu njiani. Yeye alikaa na mgongo wake umeelekea uwanjani, anazungumza na kijana aliyekuwa amejinyoosha kwenye nyasi na barafu gotini. Mazoezi yalipokwisha tulisubiri chakula. Wachezaji walipakuliwa ugali na samaki, na hapo ndipo Mtangazaji alipovaa miwani.

"Angalia wale wageni wawili waliosajiliwa," akaninong'oneza. "Wamekaa wapi?"

Walikuwa wamekaa peke yao, karibu na mtungi wa maji.

"Hawa hawatapeana pasi mpaka mvua za pili," akasema.

Ijumaa ile aliwaambia wasikilizaji kwamba Kambare wataanza vibaya na kumaliza vizuri. Hakutaja samaki wala mtungi. Nilipomuuliza kwa nini alificha alichojua, alinijibu kwamba vijana wale wana mama zao, nao mama zao wana redio.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuwa likichekesha wengi, kabla halijaacha kuchekesha. Mtangazaji alikuwa Msabato. Si Msabato wa jina. Ijumaa jua likizama alizima simu, akazima redio, na hadi Jumamosi jua lizame tena hukumpata kwa njia yoyote isipokuwa umfuate kanisani. Na mechi nyingi za ligi huchezwa Jumamosi. Kwa hiyo mtu aliyeijua ligi ile kuliko wote hakuwa akiona wala kusikia sehemu yake kubwa. Jumamosi alitangaza kijana mwingine. Mtangazaji alichukua mechi za Jumapili na za katikati ya wiki.

"Mzee, unakuwa aje mtangazaji wa mpira na siku ya mpira haupo?" mpiga simu mmoja wa Kehancha alimtania hewani.

"Siku sita naupigia kelele," akamjibu. "Ya saba nauacha upumzike. Hata wenyewe umechoka na mateke."

Mpiga simu alicheka mpaka laini ikakatika.

Nisimfanye malaika. Hewani alikuwa mpole kama nesi, lakini nje ya studio alibishana na marefa hadi wakambadilishia njia. Alisema hajali kama utabiri wake umetimia au la. Ulipokosa, hakuzungumza na mtu hadi Jumatano. Vijana walimwita Nabii, naye aliwakemea kwamba hilo ni jina la kumkosea Mungu. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo. Nilimwona anavyotabasamu kabla ya kukemea.

Alipoanza kazi, utabiri ulikuwa mchezo wa maneno. Watu waliwekeana soda, au aliyeshindwa alibeba kiti cha mwenzake hadi nyumbani. Kisha kamari ikaingia ndani ya simu. Kama hujawahi kuicheza, ni hivi: unachagua mechi kadhaa, unaziunganisha, na unaweka pesa. Zikitimia zote, unalipwa mara nyingi zaidi ya ulichoweka. Ikikosea moja, umepoteza zote. Vijana huuita muunganiko huo mkeka, na mechi moja ikiuharibu husema mkeka umechanika. Kampuni moja ya kamari ikaanza kudhamini kipindi chetu, na utabiri wa Mtangazaji ukapewa muziki wake wa kufungulia. Kila Ijumaa kulikuwa na mechi moja aliyokuwa na hakika nayo kuliko zote. Aliiita msumari, kwa sababu ndipo mkeka wote huning'inia.

Alimaliza kila mara kwa maneno haya: "Nimewaambia ninavyoona. Sikuwaambia mweke pesa." Meneja hakuyapenda. Wasikilizaji hawakuyasikia, walikuwa wameshaanza kubonyeza simu.

Kulikuwa pia na desturi, na ni lazima uielewe desturi hii, kwa maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Mtangazaji alikuwa akirudisha neno. Akitoa utabiri kisha akasikia jambo jipya, alipiga simu studio, nami nilikata muziki, hata kama ni wimbo wa mazishi ya mtu mkubwa, na yeye akasema, "Ile ya Vumbi nimerudisha. Kipa ana malaria." Basi. Aliwahi kurudisha akiwa kando ya barabara, lori za miwa zikipita, ikawa anapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Watu walimheshimu kwa hilo kuliko kwa utabiri wenyewe. Na bila mtu yeyote kuandika popote, ikawa kanuni kwa wote: neno la Mtangazaji ambalo hajalirudisha, limesimama.

Hakuna aliyejiuliza neno hilo linakuwaje kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi jioni. Yeye pia hakujiuliza.

Kwenye steji ya bodaboda mbele ya kituo chetu alikuwapo dereva mmoja aliyeitwa Ouma. Alikuwa kijana wa maneno mengi, mwenye kofia ya sufu hata juani. Ndiye aliyembeba Mtangazaji asubuhi na jioni, na safari zao zilikuwa mabishano matupu. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, Ouma akimwita jaduong', yaani mzee, naye akimwita omera, yaani ndugu.

"Jaduong', Mabua watashuka mwaka huu. Kubali tu."

"Endesha pikipiki, omera. Mabua wana beki."

"Beki gani? Yule wa kupiga mpira mpaka kwa shamba la watu?"

"Mpira ukiwa shambani hauwezi kuingia golini. Au huko kwenu unaingia?"

Ouma alikuwa akilipia pikipiki ile kwa mkopo, na alikuwa amebakiza malipo ya mwisho. Tulijua sote, kwa sababu alituambia sote. Alikuwa amekwisha chagua maneno ya kuandika kwenye kilinda tope cha nyuma siku itakapokuwa yake.

Ijumaa ya ufunguzi wa msimu ule, Mtangazaji alisoma ligi vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alipofika Mlimani aligonga meza kwa kidole. Walikuwa na kikosi kilekile, kocha yuleyule, na mechi ya kwanza walikuwa wanakutana na timu iliyotoka kupandishwa. "Mlimani ndio msumari wa leo," akasema. "Pigilieni hapo." Akavua vifaa vya masikioni, akanisalimu kwa mkono kupitia kioo, akaenda nyumbani kuoga kabla ya Sabato.

Jumamosi asubuhi habari zikaanza kuvuja. Wachezaji wakubwa wa Mlimani walikuwa wamekataa kupanda basi. Mishahara yao ilikuwa haijalipwa tangu msimu uliopita, na kocha alikuwa anasafiri na vijana wa akiba. Ilikuwa ni tetesi tu. Wengine walisema ni kweli, wengine walisema ni uongo wa wapinzani. Ouma, aliyekuwa na pesa ya malipo ya mwisho mfukoni na mkeka tayari kwenye simu, alifanya alichofanya kila mwenye akili mjini: alimpigia Mtangazaji. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Akakaa juu ya pikipiki yake akifikiri, na alichofikiri alikuja kunieleza mwenyewe baadaye, polepole, kama mtu anayeonyesha hesabu ubaoni.

"Nilisema hivi: huyu mzee ako na watu kila mahali. Kama ni kweli, angejua. Kama angejua, angerudisha. Redio ilikuwa inaongea kando yangu, muziki haukukatwa. Kwa hivyo si kweli."

Kila hatua ya hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa moja tu: siku yenyewe. Alijua kwamba ni Sabato, wote walijua. Lakini kwa miaka mingi walizoea neno ambalo halilali, wakasahau kwamba mwenye neno hulala.

Mlimani walifungwa. Mkeka wa Ouma ukachanika, na pesa ya malipo ya mwisho ikaenda nao. Kabla mwezi haujaisha, mwenye mkopo alikuja kuichukua pikipiki, na kilinda tope cha nyuma kilikuwa bado kitupu.

Jua la Jumamosi lilipozama Mtangazaji aliwasha simu, nayo haikunyamaza. Jumapili alikuja studio mapema. Sikumwona akitafuta maneno. Alisema hewani kwamba utabiri wake wa Ijumaa ulikuwa mbaya, kwamba uliachwa barabarani siku nzima bila mwenyewe, na kwamba hiyo ilikuwa juu yake na si juu ya dini yake. Kisha akasoma matokeo, kuanzia mechi ya Mlimani.

Jumatatu alishuka hadi steji kumtafuta Ouma. Nilikuwa dirishani. Madereva wenzake walinyamaza wote kwa mara moja, jambo ambalo steji hailijui.

"Mzee," Ouma alimwambia, "mimi sikulaumu. Nilibonyeza mimi. Lakini usinisalimie tena."

Mtangazaji alitii. Kuanzia siku hiyo hakupanda pikipiki ya mtu yeyote. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi kazini, kwenye jua na kwenye tope, mtu wa umri ule, na kila alipopita mbele ya steji aliinua kofia kidogo bila kusema neno. Ouma, ambaye sasa aliendesha pikipiki za wengine kwa zamu, alitazama upande mwingine. Ikawa hivyo asubuhi, na ikawa hivyo jioni. Wapita njia hawakuelewa walichokuwa wakikiona. Mimi nilielewa, na nilijifunza kutokutazama.

Msimu uliofuata ulipokaribia, alizunguka tena kwenye viwanja, akala tena na wachezaji. Ijumaa alasiri nilimwomba mwenye duka anyamazishe msumeno. Mtangazaji akavua miwani. Alianza na wale watakaoumia, akapanda timu kwa timu, kwa subira ileile, akieleza kila moja ina nini na imekosa nini. Lakini safari hii kulikuwa na neno jipya. "Kuhusu kipa wao mpya, sijui." "Kama kocha atadumu, sijui." Alilisema bila aibu, kama anavyotaja namba ya jezi. Alipofika kileleni nilipiga muziki wa utabiri, ule uliolipiwa. Muziki ukaisha. Yeye akanitazama kupitia kioo, kisha akasema, "Hapa sina."

Meneja aliingia studio kabla sijafunga kipaza sauti, na nusu ya kaunti ikamsikia.

"Mzee, watu wanangoja mkeka!"

"Wangoje mpira," akasema Mtangazaji.

Mdhamini hakuhitaji maelezo zaidi. Kipindi kilipewa kijana mwenye sauti ya haraka aliyeanza na mabingwa. Mtangazaji alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa sukari, akatushukuru mmoja mmoja, na akahamia Homa Bay, kwa binti yake anayefanya kazi katika ofisi za kaunti. Hakulalamika. Aliniambia tu nimfundishe yule kijana kupumua katikati ya sentensi, kwamba ana kipaji na hakuna aliyemwambia. Nilimfundisha. Sasa anapumua vizuri.

Miaka ikapita hivyo, na nitakuwa mwongo nikisema nilimtembelea mara nyingi. Lakini msimu huu ulipokaribia nilihisi kama ninamsikia. Nikanunua mkate na sukari, nikaenda Ijumaa moja, ile ya kabla ya ufunguzi.

Binti yake alinipokea langoni. Alinitahadharisha kwamba macho ya baba yake yamekwenda. Anaona mwanga na vivuli, basi. Nilikuwa ninajiuliza nitamwambia nini mtu aliyesoma mpira kwa kuangalia watu wakila, nilipoona pikipiki imeegeshwa kivulini na mwanamume mwenye kofia ya sufu akiifuta tope.

"Fundi!" akaniita. "Bado unakata muziki?"

Alikuwa Ouma. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliona ninavyoangalia, mara yeye, mara mlango wa nyumba, akacheka.

"Nilikuja kumuuliza kitu kimoja," akasema, sasa bila kicheko. "Hiyo miaka yote sikuwa nimemuuliza. Nilimwambia, jaduong', ile Jumamosi, kama ungejua mimi ndiye napiga, ungewasha simu?"

"Akasema nini?"

"Akasema hajui. Akasema hilo swali anaenda nalo kanisani kila Sabato na anarudi nalo." Ouma akakamua kitambaa. "Angesema ndiyo, ningejua ananidanganya. Angesema hapana, ningeenda zangu. Lakini alisema hajui. Nikamwambia basi panda, twende tuone Kambare wakifanya mazoezi."

Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimpeleka. Sasa alibeba abiria humo Homa Bay, na pikipiki ilikuwa yake. Alikuwa ameianza tena kutoka sifuri, safari kwa safari, bila mkeka. Kwenye viwanja alikuwa anakaa kando ya mzee na kumwambia anachokiona. Nami nikaelewa kwamba mabishano niliyoyasikia kwa miaka mingi chini ya dirisha yalikuwa yamerudi.

Mtangazaji alinitambua kwa hatua, au alijifanya. Alinishika mkono kwa muda mrefu na kuniuliza kama mwenye duka bado anakata mabati. Tulikunywa chai. Kisha, bila mtu kumwomba, akavua miwani ambayo haikuwa ikimsaidia tena, akainua kidevu, na akasema, "Tuanze na wale watakaoumia."

Hakukuwa na kipaza sauti. Tulikuwa watatu na binti yake mlangoni na sinia. Alisoma ligi yote. Mabua, alisema, wana uwanja mbovu na mioyo mizuri, na uwanja mbovu huwaumiza wageni kuliko wenyeji, kwa hiyo watapona kwa shida.

"Watashuka," akasema Ouma.

"Wana beki."

"Ni mtoto wa yule beki, jaduong'. Amerithi miguu."

"Basi mpira uko salama shambani."

Vumbi wamebadilisha kocha, na hapo akasema, "Sijui." Kambare wamesajili wageni watatu, na Ouma alimwambia ameona wanakula na wenzao. Kwa hiyo wataanza vizuri. Mlimani sasa wanalipwa, au ndivyo inavyosemwa. Alipotaja Mlimani sauti haikubadilika. Nilimtazama Ouma, naye alikuwa akitazama chai yake.

Alipofika kileleni, akaishia hapo. Kuta zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya machungwa. Ouma akajisogeza kwenye kiti.

"Na ya kesho, jaduong'? Mlimani tena wako ugenini."

Aliuliza kama mtu anayegusa kovu kuona kama bado linauma, ila sikujua kovu la nani. Binti akaweka sinia chini. Mzee aligeuza uso kuelekea kwenye mwanga.

"Naona Mlimani watashinda," akasema. "Ndivyo ninavyoona sasa hivi, kabla ya jua kuzama. Likishazama sitakuwapo. Ukisikia kitu kesho asubuhi, Ouma, usiningoje mimi. Amini masikio yako."

"Sawa, mzee."

"Wewe pia, fundi."

Kisha akatoa simu mfukoni, na nilijua anakwenda kuizima, kwa kuwa ndivyo alivyofanya Ijumaa zote za maisha yetu ya kazi. Kidole chake kilitafuta kile kitufe cha pembeni. Kikasimama. Akanyoosha mkono mbele yake, kwenye kivuli alichojua ni Ouma, na simu ilikuwa bado inawaka.

"Bado wananipigia," akasema. "Wachache. Wenye mkeka mkononi. Keti nayo mpaka kesho jioni. Mimi nasali, lakini wao wasipige mahali patupu."

Ouma aliipokea kwa mikono yote miwili.

Nililala hapo. Asubuhi mzee alitoka amevaa suti ya kanisani, Biblia kwapani, mkono begani kwa binti yake, wakaenda polepole kwa miguu. Mimi na Ouma tulibaki kivulini kando ya pikipiki. Kwenye kilinda tope cha nyuma hapakuwa na neno lolote, na sikumuuliza. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu simu ilipoita. Ouma akafunga macho kidogo, akaipokea, akasikiliza. Nilisikia sauti ya kijana upande ule, yenye haraka, ikitaja Mlimani.

"Hapana, si yeye. Mzee ako kanisani," Ouma akasema. "Hajui." Akasikiliza tena. "Hata mimi sijui, omera. Hapana. Sikia. Wewe uko wapi? Uko na pikipiki? Ni yako?" Akangoja jibu, mkono wake wa pili ukiwa juu ya kiti cha pikipiki yake. "Basi iwashe," akamwambia. "Beba abiria. Mpira utauona jioni."